"Mtambikaji Mkuu": Uhakiki wa Neno Moja la Biblia ya Roehl

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno moja ambalo wengi wa wasomaji wetu wamelisikia nje ya kanisa kuliko ndani yake. Neno hilo ni tambiko, pamoja na jamaa zake tambika na mtambikaji. Mimbarani neno hili hutajwa kwa kukemewa tu. Hata hivyo ipo Biblia ya Kiswahili, tena iliyotoka mikononi mwa mmisionari wa kanisa la matengenezo ya Kijerumani, ambayo ilimwita Bwana wetu Yesu Kristo mtambikaji mkuu. Hiyo ni tafsiri ya Karl Roehl. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Tangu Union Version ilipokamilika mwaka 1952, kitabu cha Roehl kimezidi kusahauliwa, na swali alilojaribu kulijibu limesahauliwa pamoja nacho.

Swali hilo lilitujia upya tulipokuwa tukifundisha Waraka kwa Waebrania huko Lugoba. Msomaji asiyepajua mahali hapo na aelewe kwamba Lugoba iko kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, katika nchi ya Wakwere, na majirani zao ni Wazigua na Wadoe. Malori ya kokoto hupita mchana kutwa. Wenyeji walio wengi ni Waislamu. Wakatoliki wana historia ndefu upande huo wa Bagamoyo. Walutheri ni wachache, na wengi wao ni wageni waliofuata kazi, biashara au ndoa. Katika nyumba moja unaweza kumkuta baba Mwislamu, mama Mkristo, na mjomba anayeitwa kila mara jambo la ukoo linapotokea. Hapo ndipo maneno ibada na tambiko yanapokutana kila siku, na mchungaji huulizwa maana yake kabla hajajiandaa kujibu.

Je, Roehl alikosea? Jibu letu ni kwamba alikuwa na sababu nzuri kuliko tunavyofundishwa, kwamba neno lake lina hatari ya kweli, na kwamba hatari hiyo hiyo imo pia katika maneno tunayoyadhania kuwa safi.

1. Asili ya neno "ibada"

Tuanze na neno lililoshinda. Ibada ni neno la Kiarabu, na shina lake ni lile la abudu. Maana ya msingi ya shina hilo ni kutumika kama mtumwa. Kwa sababu hiyo jina Abdallah maana yake ni mtumwa wa Mungu. Kiebrania kina shina lilo hilo. Katika kitabu cha Kutoka, kazi ngumu ambayo Wamisri waliwatwika Waisraeli na heshima ambayo Waisraeli wataenda kumpa Mungu mlimani hutajwa kwa shina moja (Kut. 1:13-14, 3:12). Msomaji wa Kiswahili haoni jambo hilo, kwa maana kwake mahali pa kwanza watu wanatumikishwa na mahali pa pili wanaabudu. Msomaji wa Kiebrania anaona kwamba watu wametolewa katika utumishi wa bwana mmoja na kuingizwa katika utumishi wa Bwana mwingine. Hata sherehe ya Pasaka yenyewe, pale mtoto anapomwuliza babaye maana yake (Kut. 12:26), huitwa kwa jina la utumishi.

Agano Jipya la Kiyunani lina maneno kadhaa kwa jambo hili, na watafsiri wa Union Version hawakuyafunga yote katika neno moja. Neno la Kiyunani ambalo limetupatia liturgia wamelifasiri ibada katika Matendo 13:2, ambapo manabii na walimu wa Antiokia wanafunga. Katika Luka 1:23, juu ya zamu ya Zakaria hekaluni, wamelifasiri huduma. Katika 2 Wakorintho 9:12, habari ikiwa ni ya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, wamelifasiri huduma tena. Hatuwalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba Mkristo wetu wa leo hajui kwamba kusali, kuvukiza uvumba na kuwapelekea wenye njaa fedha viliitwa kwa jina moja. Kwake ibada ni saa mbili za Jumapili, na huuliza: "Ibada inaanza saa ngapi?"

Katika pwani ya Bagamoyo neno hili lina uzito mwingine. Huko ndiko misafara ya bara iliteremka na watumwa na pembe, na huko ndiko Mapadre wa Roho Mtakatifu walikofika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Kumhubiri Mungu kwa neno lenye asili ya utumwa, mbele ya watu waliopitia utumwa, si jambo dogo. Kiswahili chenyewe kimetusaidia kwa njia ya ajabu: kutokana na kitenzi kimoja cha Kibantu, tuma, tumepata mtumwa, mtumishi na mtume. Anayetumwa sokoni kwa nguvu na anayetumwa na Kristo kwenda mataifani wana mzizi mmoja. Kinachowatenganisha ni yule aliyewatuma.

2. Neno "tambiko" na kazi yake

Tambiko halikutoka Arabuni. Ni neno la Kibantu, nalo linajulikana kwa Wakwere, Wazaramo na Waluguru kama linavyojulikana katika Kiswahili cha wote. Kamusi hulieleza kuwa ni sadaka itolewayo kwa mizimu ya wazee waliokufa. Maelezo hayo ni kweli, ila ni mafupi mno.

Anayetambika huwa ni mzee wa ukoo. Kwa kuwa Wakwere huhesabu ukoo kwa upande wa mama, sauti ya mjomba ina nguvu katika mambo haya. Watu hukusanyika kaburini au mahali pa wazee palipotengwa. Huwekwa unga, humiminwa maji au pombe, na jambo likiwa zito huchinjwa kuku au mbuzi. Majina ya waliotangulia hutajwa moja baada ya jingine. Shida ya jamaa husemwa waziwazi: ugonjwa usiopona, mimba zinazoharibika, mvua iliyokatika, ndoto za marehemu anayelalamika. Waliogombana hutakiwa kutoa kilichomo moyoni, kwa sababu tambiko la watu wenye kinyongo huhesabiwa kuwa halina faida. Mwisho watu hula pamoja. Jina la Mulungu halikosekani, lakini anayetazamiwa kujibu kwa karibu ni mzee aliyekufa.

Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz aliishi na Wazaramo wa Bunju, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Kitabu chake juu ya ibada na alama katika jamii ya Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Alionyesha kwamba desturi hizi ziliendelea kuishi bega kwa bega na Uislamu, na kwamba wanawake walikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Yeyote aliyehudumu upande wetu atakubali kwamba zimeendelea kuishi bega kwa bega na Ukristo pia.

3. Roehl alifanya nini?

Roehl alikuwa mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa amefanya kazi Usambara. Hoja yake ilikuwa kwamba Kiswahili cha Biblia zilizotangulia kilibeba maneno mengi mno ya Kiarabu, na kwamba watu wa bara hawakuweza kukielewa. Kwa hiyo alijitahidi kuyatoa na kuweka maneno ya Kibantu mahali pake. Kuhani aliondoka, akaingia mtambikaji. Dhabihu iliondoka, likaingia tambiko. Hivyo katika kitabu cha Walawi wana wa Haruni ni watambikaji, na katika Waebrania Kristo ni mtambikaji mkuu.

Wengi walimpinga. Watu wa pwani waliona kwamba amewaondolea lugha yao yenyewe, kwa maana maneno ya Kiarabu yalikuwa yamekwisha kuwa Kiswahili kwa muda wa karne nyingi. Hoja hiyo ni ya haki. Lugha haisafishwi kwa kufuta nusu yake, na baadhi ya maneno aliyoyaweka Roehl yalikuwa mageni kwa Mswahili kuliko yale aliyoyafuta. Tena ipo dalili ya fikra za wakati ule, kwamba mzungu ndiye anayejua Mwafrika halisi anapaswa kusema nini. Uhakiki wetu haufichi kasoro hizo.

Upinzani wa pili ulikuwa wa kitheolojia, nao ndio unaotuhusu. Wapinzani husema kwamba tambiko ni jambo la mizimu. Kumwita Kristo mtambikaji ni kumweka katika safu ya wazee wa ukoo, na kumfungulia mlango yule anayetaka kuchanganya. Tunaikubali hatari hiyo. Lakini hebu tuyapime kwa kipimo hicho hicho maneno yaliyowekwa badala yake.

4. Je, "kuhani" ni neno safi?

Kuhani ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya mhudumu wa madhabahu, na Wakristo Waarabu nao hulitumia hivyo. Lakini katika Kiarabu cha zama za kabla ya Uislamu, neno hilo lilimtaja mwaguzi, mtu aliyesema habari za siri kwa msaada wa majini. Ndiyo maana Kurani inakanusha kwamba Mtume Muhammad ni mtu wa namna hiyo (52:29, 69:42). Katika Kiswahili cha Waislamu neno kahini lingali na harufu ya uaguzi na udanganyifu. Kwa hiyo jirani wa Lugoba aliyesoma madrasa, akisikia kwamba Yesu ni kuhani mkuu, anaweza kusikia jambo baya kuliko mtambikaji mkuu.

Dhabihu nalo kwa asili ni uchinjaji tu, na mchinjaji anaweza kumchinjia yeyote. Kafara, ambalo kwa asili ni neno la kufunika na kuondoa hatia, leo linasikika mitaani kwa maana ya kutisha: mtu amemtoa mwanawe kafara ili apate utajiri. Sadaka ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya haki, lakini nalo hutumika kwa Mungu, kwa maskini, na kwa mizimu pia.

Basi hakuna hata neno moja katika orodha hii lililotujia likiwa halijawahi kuwa na bwana mwingine. Maneno yetu yote ya ibada ni watumwa waliokombolewa. Roehl alikomboa moja kutoka kaburini kwa wazee wa ukoo. Wenzake walikomboa mengine kutoka sokoni na msikitini. Swali la haki si kwamba neno limetoka wapi, bali kwamba kanisa limelifundisha kusema nini tangu lilipolipokea.

5. Waebrania ukisomwa Lugoba

Hapa tunapaswa kukiri upungufu wetu. Mara ya kwanza tulipofundisha Waebrania sura ya 7 hadi ya 10, tulitumia kuhani na dhabihu kama tulivyozoea. Washarika walisikiliza kwa adabu. Mwishoni mzee mmoja aliuliza kama kuhani huyo ni kama padre wa misheni. Tulieleza sana, lakini tuliona kwamba hoja ya waraka haikumgusa mtu.

Juma lililofuata tulileta nakala chakavu ya Roehl na kuwasomea sehemu zile zile. Baadhi ya vijana, na hasa wageni kutoka mikoa mingine, walichukizwa. Mmoja alisema wazi kwamba mambo ya kipagani hayafai kusomwa kanisani. Lakini wenyeji walikaa kimya kwa namna nyingine. Ndipo mama mmoja mtu mzima akauliza: "Mchungaji, ikiwa Yeye ametambika mara moja na imetosha, mbona sisi tunachangishwa kila mwaka?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Baadhi walidhani anasema juu ya mchango wa tambiko la ukoo wake. Wengine, nasi tukiwemo, hatukuwa na hakika kama hasemi juu ya kanisa.

Mama huyo alikuwa ameielewa Waebrania 10:11-14 kuliko sisi tuliyeifundisha. Hoja ya mwandishi wa waraka ni ya kurudia na kutorudia. Anayesimama kila siku kutoa yale yale anathibitisha kwa kusimama kwake kwamba deni halijalipwa. Aliyeketi anathibitisha kwamba limelipwa. Mtu ambaye hajawahi kuona dhabihu ya kurudiwarudiwa hawezi kusikia habari njema iliyomo katika neno mara moja. Mtu wa Lugoba ameiona. Ameona mbuzi akichinjwa kwa ugonjwa wa mwaka huu, na mwingine kwa ndoto ya mwaka ujao.

Iko faida ya pili. Kuhani kwetu ni cheo cha mtu asiye na ukoo. Hajulikani ni mjomba wa nani. Mtambikaji hawezi kuwa mgeni: ni lazima awe wa damu ya wale anaowasimamia, la sivyo tambiko halifai. Waebrania 2:11-17 yasema jambo hilo hilo, kwamba ilimpasa afananishwe na ndugu zake katika yote ndipo aweze kuwasimamia mbele za Mungu. Neno la Roehl linabeba ujamaa huo bila maelezo.

Lakini neno hilo lina kikomo pia, nasi hatuna budi kukionyesha. Mtambikaji wa ukoo husimama kati ya walio hai na wafu wao, naye huwatolea wafu ili wanyamaze. Kristo hasimami hapo. Yeye mwenyewe alikufa na kufufuka. Hatolei wafu kitu, wala wafu hawamdai. Mhubiri atakayetumia neno la Roehl pasipo kusema hili atakuwa amewapa watu jina jipya kwa jambo lao la kale, na wapinzani wake watakuwa na haki ya kumlaumu.

6. Melanchthon na sanduku la sadaka

Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531 unatusaidia hapa. Katika kifungu cha 24 Melanchthon anatenganisha sakramenti na sadaka: katika sakramenti Mungu anatupa sisi, katika sadaka sisi tunampa Mungu. Kisha anagawanya sadaka katika namna mbili. Iko sadaka ya upatanisho, nayo ni moja tu duniani, kifo cha Kristo. Na iko sadaka ya shukrani, ambayo hutolewa na waliokwisha kupatanishwa. Akichunguza neno liturgia, anakumbusha kwamba kwa Wayunani lilikuwa neno la utumishi kwa umma, tena gharama zilizobebwa na raia kwa ajili ya mji. Wajerumani nao huita ibada utumishi wa Mungu, na Walutheri wamezoea kulifasiri jina hilo kwa pande mbili: kwanza Mungu anatutumikia sisi kwa Neno na Meza, kisha sisi tunamtumikia Yeye.

Kwa kipimo hicho, kosa la tambiko si unga, wala kutaja majina ya wazee, wala kula pamoja baada ya kupatana. Kosa lake ni kwamba linajaribu kulipa upatanisho, tena kwa asiyekuwa Mungu. Lakini kipimo hicho hicho kinakata pande zote mbili. Siku hizi inahubiriwa, hata katika mimbari zetu, kwamba atoaye sadaka nono hufunguliwa milango, na asiyetoa asishangae mambo yake yakikwama. Mahubiri ya namna hiyo ni tambiko lililovaa joho. Yameacha mbuzi yakachukua bahasha. Deni ni lile lile, na hofu ni ile ile. Mama wa Lugoba aliliona hilo kabla yetu. Anayemfungia Meza ya Bwana mshiriki aliyekwenda kaburini kwa mjomba wake, kisha akawatisha washarika wote kwa bahasha Jumapili, amefukuza jina na kuliacha jambo lenyewe likikaa katika kiti cha mbele.

Hitimisho

Hatupendekezi kwamba kanisa lirudi kwenye Biblia ya Roehl. Union Version imekuwa lugha ya sala na ya vifo vyetu, na watu hawanyang'anywi maneno waliyozikiwa nayo wazazi wao. Tunapendekeza mambo mawili.

La kwanza, wanafunzi wa theolojia wafundishwe asili ya maneno haya, ili wasiyahubiri kana kwamba baadhi yameshuka kutoka mbinguni na mengine yametoka kuzimu. Tafsiri ya Roehl isomwe kando ya Union Version, hasa katika Walawi na Waebrania, na tofauti zake zijadiliwe pamoja na wazee wenyeji.

La pili, mchungaji anapoletewa kesi ya mtu aliyehudhuria tambiko, asianze na adhabu. Na aulize maswali matatu: Ni nani aliyetumikiwa pale? Ni deni gani lililolipwa? Na ni nani aliyesimama kwa niaba ya jamaa? Akimaliza kumwuliza mshiriki wake, na aiulize ibada yake mwenyewe ya Jumapili iliyopita maswali hayo hayo.

Mama aliyetuuliza swali hatukumpa jibu siku ile. Tulifunga kipindi kwa sala, na baada ya sala, kama ilivyo desturi, sanduku la sadaka lilipitishwa. Tulimwona akitoa kama kawaida yake. Alitoa kwa shukrani, au kwa hofu? Sisi tuliokuwa tukimfundisha ndio tuliopaswa kumwondolea hofu hiyo, na tangu siku ile hatuusomi Waraka kwa Waebrania bila kumkumbuka.